Sakafu ya Zamani na Jiwe Lake la Msingi

Mtu akiniambia leo kwamba anataka kunilea kikazi, namshukuru, natazama mlango uko wapi, halafu natafuta sababu ya kutoka. Si jeuri. Nilishalelewa. Nililelewa Kitale miaka ya themanini na mwanamume mwenye tai ya kahawia na kikombe chake mwenyewe cha chai ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, isipokuwa mimi nikikiosha.

Ningeyanyamazia hayo yote kama nisingemsikia tena. Lakini miaka ya tisini, nikiwa nimehamishiwa Bungoma, tuliitwa semina, na nani anasimama mbele na chati ukutani? Mlezi wangu. Nywele zimeingia mvi, tai ni ileile. Akawasimulia vijana jinsi alivyomsaidia karani mmoja msichana kugeuza wazo dogo kuwa mradi mkubwa wa kuanika mahindi. Vijana wakatikisa vichwa, wakaandika. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nakula biskuti za watu, moyo unanichemka. Basi acha nami nisimulie.

Depo yetu ilikuwa ya chama cha ushirika cha wakulima, ya kupokea mahindi. Mimi nilikuwa karani wa lango: napanga foleni, naangalia gunia linachomwa bomba la kuchotea punje, punje zinatiwa kwenye mashine ya kupima unyevu, mashine inasema. Ikisema makavu, unaingia. Ikisema mabichi, unarudi nje ya lango, unatafuta mahali kando ya barabara, kwenye nyasi na mavi ya ng'ombe, unaanika juu ya chochote ulicho nacho. Turubai, leso, blanketi ya mtoto.

Na msimu wa mavuno kwetu unajulikana. Asubuhi jua linawaka, unajisifu. Mchana wingu linashuka kutoka Elgon bila hodi, na yale uliyoyakausha tangu asubuhi yanaoshwa upya. Watu walikaa pale langoni mpaka wakafahamiana kama jamaa za matanga. Walipikiana uji. Walisutana. Kuna waliochumbiana.

Sasa, ndani ya lango, mita chache tu kutoka pale, kulikuwa na sakafu ya simiti. Pana, laini, safi. Mchana ilikuwa na joto la kukuunguza nyayo, na ina mwinuko mdogo katikati ili mvua ikinyesha maji yakimbie. Pembeni yake kulikuwa na paa refu la kusukumia magunia mvua ikitishia. Juu ya sakafu hiyo hapakuwa na kitu. Gari la meneja upande mmoja, na siku za sikukuu tulijipanga pale kupandisha bendera. Basi.

Wazo langu, ambalo hata si wazo, maana mtu yeyote mwenye macho angeliona, lilikuwa hili: wafungulieni lango waanike humo ndani.

Aliyenitia uchungu wa kuliona alikuwa Senge. Kwetu senge ni dada ya baba, na huyu wangu ndiye aliyenilea, malezi ya kweli, ya viboko na viazi. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa kaka zake Bungoma, wakampa kijumba nyuma ya jiko la mmoja wao, katikati ya migomba, wakamwambia ashukuru. Hakushukuru. Alivuka akaja Kitale, akakodi shamba njia ya kwenda Elgon, shamba jekundu la kupendeza, la mzee mmoja aliyekaa mjini. Mzee huyo hakuwa na undugu na mtu. Kila mwaka mpya ukifika, aliyetangulia kumletea kodi ndiye mpangaji wake. Senge akiuza mahindi kabla ya Krismasi, amebaki na shamba. Asipouza, migomba ya kaka inamsubiri. Pale langoni kila mtu alilijua hilo, maana Senge hakuumbwa kunong'ona.

Mwaka ule mahindi yake yalikuwa mengi na mabichi.

Hapo ndipo makao makuu Bungoma walipotuletea malezi. Wakubwa walikuwa wametoka kwenye mkutano wa hoteli, na huko waliambiwa kwamba wafanyakazi vijana wana mawazo mazuri yanayofia vichwani kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono. Kwa hiyo kila mpya apewe mlezi. Mimi nikapewa naibu wa meneja. Kila Jumatatu niingie ofisini kwake, nimwekee chai, nimwambie wazo langu, naye alikuze.

Jumatatu ya kwanza nikamwambia. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, binti, umezaa. Akanieleza kwamba wazo ni mtoto mchanga, halipelekwi sokoni siku linapozaliwa, lazima linyonye, litambae, lisimame dede. Nikamuuliza mtoto huyu atasimama dede lini, kwa sababu Senge wangu yuko hapo nje na gunia limeanza kunuka. Akatabasamu kwa huruma. Akasema haraka ni ugonjwa wa vijana. Kisha akaomba sukari.

Jumatatu iliyofuata alitaka kujua wazo limetoka wapi. Nikasema limetoka langoni, tunaweza kuliona hata kwa dirisha. Hapana, akasema, lazima twende kwenye chimbuko, kwa mkulima mwenyewe, tuone shida yake kwa macho. Basi tukapanda gari la depo mpaka shambani kwa Senge. Senge akaacha mahindi yake langoni kwa jirani, akatangulia nyumbani, akachinja jogoo, maana mgeni ni mgeni. Mlezi wangu alikula yule jogoo mpaka mifupa ikamwogopa. Halafu akatembea. Alilizunguka shamba lote mikono nyuma, akainama, akaokota udongo, akaufikicha, akaunusa. Akauliza maji yanatokea wapi. Akauliza mwenye shamba ni nani na anakaa mtaa gani. Kuhusu kuanika hakuuliza hata neno.

Senge akanivuta kando na kuniambia kwamba huyu mwalimu wangu anakagua udongo kuliko anavyokagua shida. Nikamwambia huo unaitwa utafiti. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikimwambia kwamba paka ndiye aliyekunywa maziwa.

Baada ya utafiti, Bungoma. Wazo lazima lipite kwenye kamati. Tulitoka asubuhi, na tulipofika Webuye ile harufu ya kiwanda cha karatasi ikatuingilia kama kawaida yake, mlezi akapandisha kioo na kuendelea kunieleza maana ya maono. Nilikuwa nimebeba maelezo yangu kichwani. Yalikuwa mafupi, yangeweza kusemwa mtu akiwa amesimama mguu mmoja.

Kamati ilikuwa ya wazee wenye matumbo na adabu. Walinisikiliza vizuri, sitawasingizia. Walikisifu Kiswahili changu. Walikubaliana, mmoja baada ya mwingine, kwamba sakafu ipo, jua lipo, wakulima wapo. Mimi nikaona nimeshinda. Hapo mwenyekiti akaegemea mbele, akaunganisha vidole vyake.

“Hii wazo yako iko mzuri sana, mama,” akasema. “Lakini si utuambie, nani ataifungua?”

“Soja,” nikajibu.

Soja, mlinzi wetu, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa lango, ningemtaja nani mwingine? Kicheko kilichotoka kwenye meza ile nakisikia mpaka leo. Mmoja alijifuta machozi. Mlezi wangu akawaomba radhi kwa niaba yangu, akisema bado mchanga, bado analelewa. Kisha wakakaa kazini hasa, na kazi yenyewe ilikuwa kumtafuta mgeni wa heshima. Huyu yuko Nairobi, yule wamekosana na huyu, yule mwingine akija lazima aje na mke, na mke atataka zawadi. Mchana kutwa. Sakafu haikutajwa tena.

Ndiyo desturi yetu, wala sijui nani alituroga nayo. Siku zile hata choo cha shule kilikuwa hakiingiliwi mpaka mkubwa aje akate utepe. Watoto wangejibana wiki nzima mbele ya mlango mpya unaong'aa, kwa sababu hakijafunguliwa. Kitu kikitumika kabla ya kufunguliwa, kimeharibika heshima, na aliyekitumia ni mtovu wa adabu.

Tulipokuwa tukirudi mlezi akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kwamba lango la depo halifunguliwi na soja. Alifurahi kweli, hakuona kejeli. Akasema naanza kukomaa.

Wiki ile ile zikaja amri. Kwanza, kwa kuwa sasa sakafu ni mradi, isikanyagwe. Wakaizungushia kamba ya katani. Gari la meneja likahamia chini ya mti likaanza kunyewa na ndege. Yaani kabla ya wazo langu sakafu ile ilikuwa tupu. Baada ya wazo langu ilikuwa tupu na imefungwa kamba. Na jua, ungedhani linatudhihaki, likawaka siku zile kama halijawahi kuwaka.

Pili, jiwe la msingi. Nikamwambia mlezi, mzee, jiwe la msingi huwekwa kabla ya kujenga, na sakafu hii ilijengwa zamani, nadhani hata kabla sijazaliwa. Akanijibu kwamba sakafu ni ya zamani lakini mradi ni mpya. Wakaja mafundi na nyundo. Wakaitoboa sakafu katikati, palepale kwenye mwinuko, pahali bora kuliko pote kwa kuanika, wakachimba shimo, wakasimamisha nguzo ya kokoto yenye jiwe la kuandikwa jina. Mwinuko ulipotobolewa, maji ya kuoshea simiti yakawa hayajui tena yakimbilie wapi, yakatuama. Fundi mwenyewe alikuna kichwa. Mlezi alisimama hatua chache akapiga picha.

Senge alikuwa akiyaona yote kupitia matundu ya lango. Kila nikitoka namwambia asubiri kidogo, mambo yako njiani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniuliza tu lile shimo ni la kumzika nani.

Halafu mlezi akatoka mwenyewe langoni, tai inapepea, kuongea na akina mama wenye mahindi. Aliwaambia siku ya kufungua itahitajika kwaya ya wakulima ya kushukuru, na watakaoimba watakuwa wa kwanza kuingia kuanika. Basi wakaimba. Wanawake wale waliacha magunia yao wakafanya mazoezi ya wimbo wa kushukuru kwa sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga. Senge ana sauti, hilo halina ubishi, sauti ya kanisani ya kuamsha waliolala. Wakamfanya kiongozi. Nilikuwa nikimsikia nikiwa kwenye mashine, anaimba asante, asante, na huku anawafukuza kuku wa barabarani kwa mguu wasimlie mahindi.

Siku ikafika. Asubuhi na mapema wenye mahindi mabichi waliamriwa kuyaondoa mbele ya lango na kuyaficha nyuma ya ua, maana mgeni asione uchafu. Halafu mtu akawaza, nadhani alikuwa mlezi, kwamba mgeni hawezi kufungua sakafu tupu, lazima aone mahindi yanaanikwa. Nikasema hayo hapo nyuma ya ua, tuyaingize. Wakaniona sina haya. Yale yana ukungu, yana rangi mbaya, yatatia depo aibu. Wakafungua ghala, wakatoa mahindi makavu, yaliyokwisha pimwa na kununuliwa, meupe kama meno ya mtoto, wakayamwaga sakafuni na kuyasawazisha kwa reki. Mahindi makavu yakaanikwa yakauke. Mabichi yakawa nyuma ya ua yamefunikwa.

Mgeni alingojwa. Jua lilipanda, lilisimama, likaanza kushuka. Kwaya iliimba, ikanyamaza, ikaimba tena. Watoto wa shule waliokopwa kupeperusha bendera walikaa chini. Mchana umepita ndipo likaja gari, na akashuka si mgeni wa heshima bali mwakilishi wa mgeni wa heshima, kijana mwenye miwani, amebeba hotuba ya mwenzake. Aliisoma yote, hata mahali palipoandikwa ngoja wapige makofi alisoma. Hotuba ilimsifu mlezi wangu kwa jina kama mwanzilishi wa wazo. Mlezi akasimama, akainama, akashika moyo. Kisha, kwa ukarimu, akanionyesha mimi kwa kidole kama mmoja wa waliosaidia kwa chai.

Utepe ulipokatwa, wingu lilikuwa tayari limeshafika juu ya paa la ghala. Mtu yeyote wa Kitale aliliona. Lakini nani atamkatiza mwakilishi? Likaachia lote kwa pamoja. Wageni wakakimbilia hemani, kwaya wakakimbilia ukutani, na yale mahindi makavu, mahindi pekee makavu katika eneo lile, yakalowa chapachapa mbele ya macho yetu. Maji hayakuwa na mwinuko wa kukimbilia. Yalizunguka nguzo ya jiwe la msingi yakatuama, punje zikaelea. Haki ya Mungu nilicheka. Nilicheka nikiegemea mlango wa ghala mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikamwona Senge chini ya upenu, amelowa, midomo bado inaimba kwa sababu hakuna aliyemwambia aache, macho yake yako kule nyuma ya ua. Kicheko kikanikauka.

Kesho yake niliwahi nikiwa na ahadi ya waimbaji mdomoni. Mlezi akaniambia sakafu sasa inatumika, kama nilivyotaka, na kweli ilikuwa inatumika: vibarua walikuwa wakianika upya mahindi ya depo. Haya yakikauka, wakulima wataingia. Lakini kwenye lile dimbwi la katikati hayakukauka, kila siku yalitolewa, kila siku yalinyeshewa. Waliokuwa langoni walibaki langoni.

Gunia la Senge lilianza kupata joto. Alitia mkono ndani mbele yangu, akautoa na punje zilizochipuka, vijimkia vyeupe vimejitokeza. Mashine haikuwa na haja ya kupima chochote. Aliyauza kwa wapika pombe nyuma ya soko, kwa bei ya kutupa, na ile pesa haikufika hata mlangoni kwa mwenye shamba. Krismasi tuliila pamoja, ugali na sukuma. Baada ya hapo alifunga sufuria zake kwenye shuka, nikamsindikiza stendi apande gari la Bungoma. Nilikuwa nalia kama mtoto. Yeye hakulia.

“Mwambie mwalimu wako,” akasema, “kwamba niliimba vizuri.”

Sikumwambia. Jumatatu ya kwanza ya mwaka mpya niliingia na chai yake kama kawaida, nimevimba, natafuta pa kuanzia. Yeye alikuwa na furaha isiyojificha. Alikuwa na viatu vya mpira vipya chini ya meza. Akaniambia amepata shamba. Njia ya kwenda Elgon, jekundu, maji karibu. Lile nililomwonyesha. Alikuwa ameshaenda kwa yule mzee mjini mwezi uliopita, kabla hata ya sherehe, wakaelewana, akalipa mwaka ulipoingia tu. Alinieleza haya bila kupepesa macho, kama mtu anayemweleza mwanafunzi wake hesabu iliyotoka sawa. Hakuwa na kamati. Hakuwa na mgeni wa heshima. Hakulichimbia jiwe.

“Unaona, binti?” akasema. “Wazo ukiliona, litekeleze palepale. Usingoje mtu.”

Katika malezi yake yote, ndilo somo pekee alilonifundisha ambalo lina kichwa na miguu. Nikakichukua kikombe chake, chai ikiwa bado imejaa, nikaenda nacho nje nikaimwaga juu ya jiwe la msingi, nikakirudisha mezani kitupu. Akasema asante.

Msimu wa mavuno uliporudi, foleni ikarudi, mvua ikarudi, sura zilezile na blanketi zilezile. Sakafu ilikuwa tupu, mahindi ya depo yalishaharibika na kutupwa. Asubuhi moja ikaja trekta yenye mahindi ya mlezi wangu, mabichi kabisa, yanatoka maji. Hayakupimwa. Soja akafungua lango pande zote mbili na kupiga saluti. Hapakuwa na utepe wala kwaya.

Trekta ilipopita, soja akashika lango afunge. Nikajiweka katikati. Nikamwambia aache hivyo hivyo, na kama ana swali ampigie mkubwa, nami nikawageukia wale waliokuwa nyuma, nikawaambia waingie. Hawakuamini. Walisogea polepole wakivua viatu, kama wanaingia kanisani. Kufikia saa nne sakafu yote ilikuwa imefunikwa mahindi, ya njano na meupe, imebaki ile nguzo tu katikati. Mlezi alitoka akasimama barazani. Angewafukuza, na mahindi yake angeyafukuza pamoja nao. Akakohoa, akarudi ndani. Baadaye nilisikia ameandikia Bungoma kwamba mradi umeanza kuzaa matunda.

Soja hakumpigia mtu yeyote. Kumbe lango lile halikuhitaji kitu zaidi ya mtu wa kusimama mbele yake. Nilipita kati ya mahindi nikiwaonyesha wanawake pa kumwaga, nikawa nageuka kila nikisikia sauti ya juu, kwa mazoea tu. Senge alikuwa Bungoma, anapalilia migomba ya kaka yake.